Shingo Nne za Rangi Moja

9 Januari

Mpwa wangu,

Kwanza nakuomba radhi. Barua yako ya mwezi wa Septemba nimekaa nayo miezi minne mfukoni mwa koti la kazi, na kila nilipoitoa niijibu nilikuta lipo jambo jingine la kufanywa kwanza. Hiyo si sababu, ni kisingizio, nami sikukulea uvipokee visingizio. Nisamehe.

Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Goti lake la kushoto bado linamsumbua, lakini ulimi wake ni mzima. Ameupaka mlango wa karakana rangi ya kijani bila kuniuliza, akidai kwamba rangi ya zamani ilikuwa inafukuza wateja. Nilimwambia kwamba wateja wangu huja na masikio, si macho. Akanijibu, "Basi mlango haukuhusu, nyamaza." Natumaini nawe u mzima, na kwamba baridi ya huko haijakushinda.

Sasa jambo lenyewe. Ndani ya kifurushi hiki zimo shingo tatu za klarineti, yaani kile kipande kifupi cha mbao kinachounganisha kinywa na mwili wa chombo. Naeleza kwa ukamilifu kwa sababu watu wa posta hufungua vifurushi, wasije wakadhani ni silaha. Moja ni ya mzeituni, moja ya mpeasi, moja ya mninga. Tundu ni la kipimo kimoja kwa zote. Nimelipima mara tatu. Zote nimezipaka rangi nyeusi ile ile, kwa maana jicho likishajua, sikio huacha kufanya kazi. Kila moja ina mikato upande wa chini: mmoja, miwili, mitatu. Sitakuambia ipi ni ipi. Zifunge moja moja kwenye klarineti niliyokutengenezea kwa mpingo, ugeuze uso ukutani, upige, kisha uzilinganishe na shingo yake ya asili. Nataka kujua neno moja tu: je, ipo inayoweza kusimama mahali pa mpingo?

Utauliza kwa nini nauliza leo, baada ya miaka arobaini ya kukereza mpingo. Umeadimika, na wateja wananiulizia mbao nyingine. Hilo linatosha.

Najua mkataba wako na okestra ni wa majaribio, na kwamba mwezi wa Septemba utapigishwa mbele ya wakubwa wako kabla ya kupewa nafasi ya kudumu. Nimekusudia uingie pale na klarineti mpya. Jibu lako ndilo litakaloniambia niikereze kwa mti gani. Sema kweli, hata kama ni chungu.

Usinipigie simu kuhusu jambo hili. Niandikie.

Mjomba wako.


2 Februari

Shikamoo Mjomba,

Wewe kuomba radhi! Sentensi ile nimeisoma mara mbili, nikidhani mkaza mjomba ndiye aliyeiandika.

Mimi mzima. Bado nakaa chumba kile kile cha ghorofa ya nne, na asubuhi dirisha linakuwa jeupe kwa barafu upande wa ndani. Jirani wa chini hugonga dari kwa ufagio nikianza mazoezi. Ningemvumilia, ila anagonga nje ya mapigo. Kazini ni kazi tu. Tuko wawili wenye klarineti, na mwenzangu ana miaka kumi na tisa pale, hata kukohoa anakohoa kwa kufuata noti. Mwambie mkaza mjomba kijani ni rangi nzuri.

Shingo zimefika salama, na nimefanya kama ulivyoagiza, uso ukutani. Ya mkato mmoja ina sauti nene, tamu sana chini, lakini ikipanda juu inakuwa kama mtu mwenye mafua. Ya mikato miwili ni nyepesi na inaitika upesi, sauti yake ni laini bila kulegea. Tatizo lake inakunywa maji, baada ya nusu saa ilivimba nikaitoa kwa taabu. Ya mikato mitatu inapoteza pumzi, nahisi kama napuliza kwenye kikapu. Nadhani hiyo ndiyo mninga.

Lakini shingo yangu ya asili bado inazishinda zote. Nimeipiga saa mbili mfululizo katika chumba baridi, haikuvimba wala kusogea hata kidogo, sauti ile ile mwanzo hadi mwisho. Mpingo ni mpingo, Mjomba. Nitengenezee ya mpingo.

Mpwa wako.


21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Tunaendelea vizuri. Mkaza mjomba wako anasema jirani yako apewe ngoma, pengine mkono wake utatulia.

Nimeisoma aya yako ya mwisho mara nyingi kuliko inavyostahili. Jibu nimelipata. Mikato mitatu ni mninga kama ulivyosema. Vinyweleo vyake ni vikubwa, hata ukivijaza mafuta unyevu hupita. Mmoja ni mzeituni. Miwili ni mpeasi. Nilikuwa na tumaini kidogo na huo mpeasi, lakini nimekuuliza na umejibu.

Mbao nitakayoitumia ni ile aliyoiweka dada yangu, mama yako, mwaka uliozaliwa wewe. Ncha zake aliziziba kwa nta yeye mwenyewe, isije ikakauka kwa haraka ikapasuka. Imekauka polepole miaka ishirini na tisa, na sina nyingine kama hiyo. Wiki hii nitatoboa tundu la kwanza, kisha nitaiacha ipumzike miezi kadhaa kabla ya kuimaliza, maana mbao ikitobolewa hushtuka, na anayeiharakisha huiharibu. Wakati hiyo inapumzika nitakereza shingo na vipande vidogo.

Ile ya zamani itunze. Ipashe joto kwapani kabla ya kupiga, na usiilaze karibu na moto.

Mjomba wako.


17 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Hii ni barua ya tatu tangu ile yako. Mbili za kwanza sijui kama zilifika. Nimepiga simu mara mbili ingawa ulinikataza, na mara zote mbili mkaza mjomba amesema umelala. Saa nne ya asubuhi, Mjomba? Wewe uliyekuwa ukituamsha kwa sauti ya keekee ikitoboa mbao?

Huku barafu imeyeyuka. Jirani wa chini amehama, na cha ajabu nimemkumbuka. Kazini wametupangia tarehe: kumi na nane Septemba.

Kama nimekosa neno katika barua zangu niambie. Kama ni kazi imekubana, andika hata mstari mmoja.

Mpwa wako.


29 Aprili

Mwanangu,

Huu ni mwandiko wa mkaza mjomba wako, usistuke. Mjomba wako amekataza nisiandike. Nimemwambia, "Wewe pumua, kuandika niachie mimi."

Alirudi juzi kutoka hospitali alikolazwa majuma manne. Ni kifua. Vumbi la mpingo limemuingia miaka yote hiyo na sasa mwili wake umelikataa. Hata kiasi kidogo kinamziba pumzi. Daktari alimwambia tangu Novemba aache mti huo, miti mingine anaweza. Akasema atatafuta badala yake. Ndiyo sababu akakutumia zile shingo.

Barua yako ilipokuja alinisomea kwa sauti kubwa. "Umeona? Hakuna badala. Mtoto amesema." Akaufungua huo mlango wangu wa kijani akaingia. Wiki ya kwanza akawa anakohoa ananificha. Ya pili hakuweza kuficha, ila nikisema ananiambia niache kelele. Mwisho wa Machi nilimkuta amekaa sakafuni, midomo imebadilika rangi, patasi bado iko mkononi, mashine inazunguka peke yake.

Sikulaumu, mwanangu. Uliulizwa, ukajibu. Nakuambia kwa sababu yeye hatakuambia, na kwa sababu akipata nguvu atarudi mle ndani, ili akumalizie klarineti yako. Ufunguo nimeuficha mimi. Ameutafuta hata ndani ya pipa la unga.

Mkaza mjomba wako.


10 Mei

Mjomba,

Salamu nitaziweka mwisho, kama zitapata nafasi.

Nilikudanganya. Sikuwa na shingo ya mpingo ya kulinganisha. Klarineti uliyonitengenezea ilipasuka tarehe kumi na mbili Desemba. Nilikuwa nimechelewa mazoezini, nimetoka kwenye baridi kali, na mikono imekufa ganzi. Nikaiunganisha, nikailaza juu ya bomba la maji ya moto linalopita ukutani, dakika tano tu, huku navua koti na kutafuta noti zangu. Nikasikia mlio mmoja, kama mtu amevunja kijiti. Ufa ulianzia shingoni ukashuka mpaka tundu la tatu. Na mimi ndiye uliyenifundisha tangu nina miaka tisa kuipasha kwapani.

Tangu siku hiyo napiga klarineti ya plastiki ya ghala la okestra. Shingo zako nilizifunga kwenye plastiki, na hiyo "shingo ya asili" niliyoisifu ni plastiki. Ya mpeasi ilikuwa nzuri, Mjomba, nzuri kuliko nilivyokuandikia. Habari za mpingo niliziandika kwa kukumbuka, na kwa kukisia ungependa kusikia nini. Nilijiambia kwamba ukinitengenezea nyingine ya mpingo, hutajua kamwe nimeifanya nini ya kwanza. Mkaza mjomba anasema hanilaumu kwa sababu niliulizwa nikajibu. Hajui nilijibu nini. Mwambie wewe, au uniruhusu nimwambie mimi.

Usiiguse tena ile mbao. Tumia mpeasi, au usinitengenezee chochote, nitakwenda Septemba na plastiki. Wakiniondoa nitatafuta kwingine. Nakuomba.

Shikamoo. Mwambie mkaza mjomba namsalimu, na ufunguo auweke mbali zaidi.

Mpwa wako.


3 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu huwekwa mwanzo, hata siku mbaya.

Barua hii imenichukua siku nne. Naandika mistari mitatu, napumzika, naandika tena. Nakaa kwenye kiti cha dirishani ambacho mkaza mjomba wako amekiwekea mito mingi kama cha bibi harusi. Nimemsomea barua yako yote. Aliurekebisha mto mmoja, kisha akasema, "Mmefanana."

Umekosa mara mbili. Klarineti kupasuka ni uzembe. Mbao hupasuka hata mikononi mwangu. Ningekutengenezea nyingine pamoja na maneno makali kidogo. Kosa la pili ni kuniletea hukumu ya kitu ambacho hukukisikia. Hilo ni kubwa katika kazi yetu, na bado sijalisamehe.

Lakini hukukosa peke yako. Uliniandikia kwamba shingo ilipigwa saa mbili mfululizo katika chumba baridi, na haikuvimba wala kusogea hata kidogo. Hakuna mbao yenye tabia hiyo. Hata mpingo hunywa maji yake kidogo. Nilijua siku ile ile kwamba pana kitu hakiko sawa, na kama angekuwa mteja ningemrudishia barua yake. Nilinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa lile nililolitaka. Nawe hukujua habari za kifua changu kwa sababu nilikuficha. Simu nilikukataza usije ukanisikia nikikohoa. Kwa hiyo tulidanganyana wote wawili, na wewe ndiye uliyetangulia kusema kweli. Hilo nimeliona.

Sasa unaniambia mpeasi ni mzuri. Nitajuaje? Mwezi wa Februari ulisema kwa aibu. Leo unasema kwa huruma. Siwezi kuweka chini kazi ya maisha yangu kwa sababu ya aibu wala huruma ya mtu. Nataka kusikia kilichopo.

Kabla ya kuanguka nilikuwa nimemaliza shingo moja ya mpingo. Imo ndani ya kifurushi hiki, nyeusi kama wenzake, mikato minne. Wewe utaijua kwa uzito, na kwa sababu hiyo hukumu haitakuwa yako. Tafuta mtu mwenye sikio, asiyenijua mimi na asiyekupenda sana wewe. Umpigie zote nne kwenye hiyo plastiki, ni haki kwa kila moja. Yeye asikilize, aandike, afunge bahasha kwa mkono wake. Usiisome. Niletee.

Mjomba wako.


1 Julai

Shikamoo Mjomba,

Natumaini kifua kimetulia na mito imepungua. Mimi mzima. Huku ni joto, watu wanalalamika kama walivyolalamikia baridi.

Nimemtumia fundi wa piano wa ukumbini kwetu. Hanipendi wala hanichukii, miaka miwili ananiita "wewe wa mstari wa tatu." Nilimwambia naomba sikio lake kwa saa moja. Akasema, "Sikio langu haliazimwi. Ila likija, na mimi huja nalo." Alikaa kwenye kiti uso umeelekea ukuta, ukumbi mtupu, karatasi mapajani. Kura zilikuwa ndani ya kofia yake: nachomoa namba, nafunga shingo, napiga ngazi moja ya noti na wimbo mmoja wa polepole, naita "tayari." Tukazunguka zote nne mara tatu, kisha nikampa orodha ya kura nilivyozichomoa, ailinganishe mwenyewe na maandishi yake.

Lipo jambo lazima nikuambie. Ile ya mikato minne iliponiangukia mara ya kwanza, mkono uliijua papo hapo, kama ulivyosema. Nilitaka kuipiga vibaya. Nilishaanza kuinyima pumzi, kidogo tu, asigundue mtu. Akagonga ukuta kwa kiganja. "Wewe binti, unapiga au unaomba msamaha? Rudia."

Nikarudia. Niliipiga kama nilivyozipiga zile nyingine, kwa pumzi yote niliyo nayo, na mizunguko miwili iliyofuata vivyo hivyo. Machozi yalinitoka, lakini hilo halisikiki kwenye klarineti ukijua kubana midomo.

Bahasha ameifunga mwenyewe, akatia sahihi juu ya gundi. Alisema, "Una uso wa mtu anayetaka kuchungulia." Ni kweli. Sikuchungulia.

Mpwa wako.


24 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Kifua kimetulia maadamu sipandi ngazi wala sibishani, na katika nyumba hii ngazi hakuna.

Bahasha ilifika sahihi ikiwa haijaguswa. Tuliifungua pamoja mezani. Huyo fundi wako ana mwandiko mbaya na sikio zuri. Nakunakilia maneno yake yote, kwa kuwa ni haki yako sasa:

"Mikato minne ni ya kwanza. Sauti inapoanza inaanza, inapokoma inakoma. Mikato miwili inaifuata kwa karibu mno. Kama nisingeisikia ile nyingine, nisingeona imepungukiwa na kitu. Mkato mmoja ni wa kwaya ya watoto. Mitatu ipelekwe jikoni ikawe mpini."

Mkaza mjomba wako alicheka mpini ule mpaka akashika goti. Kisha akanitazama, akaacha kucheka.

Nimeisoma mara moja tu. Ungetaka kunipotosha, karatasi hii ingekuja na jibu jingine. Lile kosa la Februari nimelisamehe leo, usilitaje tena.

Kwa hiyo sasa najua. Mpingo ni bora. Mpeasi uko nyuma yake kwa unywele mmoja, na kwa ajili ya unywele huo nimetumia pumzi ya miaka arobaini. Sijui kama ni kitu kidogo au kikubwa. Tarehe kumi na nane Septemba, kati ya watu watakaokusikiliza, yawezekana asiwepo hata mmoja atakayeusikia. Na yawezekana akawepo mmoja.

Mbao ya mama yako ipo juu ya kabati chumbani mwetu, imetobolewa na imeshapumzika. Iliyobaki ni kazi ya siku kumi na moja. Daktari anasema hata siku moja ni nyingi, na barakoa haitoshi. Yapo pia magogo mawili ya mpeasi, makavu, yasiyonidhuru, yasiyohitaji kupumzika muda mrefu kama mpingo, ambayo nikianza leo yatawahi. Na lipo jambo la tatu, alilolisema mkaza mjomba wako jana huku anakunja nguo, bila kunitazama: ile ya mpingo ipelekwe kwa fundi mwingine aimalizie. Sijawahi kumpa mtu mbao niliyoitoboa mimi.

Jioni alitoa ufunguo wa karakana huko alikoujua mwenyewe, akauweka mezani kando ya sahani yangu. Akasema, "Nimechoka kuwa askari wako. Huo hapo." Tangu jana upo hapo hapo. Tunakula, tunapitisha chumvi juu yake, hakuna anayeugusa.

Ninalokuomba ni hili. Usiniandikie unataka ipi. Wala usimpigie simu mkaza mjomba wako ili anifikishie. Najijua: ukiniomba niache, nitaacha kwa ajili yako, kisha kila nikimsikia mtu anapiga mpingo nitakulaumu. Ukiniomba nimalize, nitamaliza, na likinipata la kunipata utajilaumu wewe. Sitaki ubebe lolote kati ya hayo. Umeshanipa ulichotakiwa kunipa, nacho ni kweli. Mengine ni yangu.

Fanya mazoezi yako kwa hiyo plastiki, bila haraka. Kabla ya Septemba utakuwa na klarineti ya mbao mikononi, ya mti wowote utakaokuwa, na ya mkono wowote. Siku nitakapouinua ufunguo huu, iwe ni kufungua mlango au kumrudishia mwenyewe, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mjomba wako.